Udongo wa Kungoja

Kuku ilirudi ingali hai. Beauty aliileta katikati ya muchana, miguu yake imefungwa kwa kamba ileile ya gome ambayo Mwaba mwenyewe aliifunga, pamoja na kikapu cha unga wa muhogo ambao haukuguswa hata kwa kidole kimoja. Alipita na vitu hivyo ufuko wote wa Nchelenge, mbele ya wanawake waliokuwa wakigeuza samaki juani, na hakuna aliyehitaji kuuliza. Kuku inayopelekwa kwa nachimbusa hairudi. Nachimbusa ni yule mama muzee anayewafundisha wasichana mambo ya nyumba na kuwachezesha ngoma ya chisungu kabla ya ndoa. Akiipika kuku yako, amekubali mutoto wako. Akiirudisha, mutoto wako atabaki kama alivyo.

Mwaba alikuwa amepiga magoti nyuma ya nyumba, anakanda udongo. Mikono yake ilikuwa ya kijivu mpaka kwenye viwiko, na kwa hiyo hakuweza kupokea kitu. Beauty hakungoja anawe. Aliiweka kuku chini, akaweka kikapu kando yake, akajifunga upya kikwembe chake kipya cha maua mekundu. Alikuwa mama mudogo wa Patson, kijana wa Kabuta aliyekuwa amuoe Eness, binti wa Mwaba, na maneno yote kati ya nyumba hizo mbili yalipita kinywani mwake.

"Bana Eness," alisema, maana mama huitwa kwa jina la mutoto wake, "mi balinituma tu. Usinichukie."

Juu ya ubao kando ya Mwaba zilipangwa nyumba zake ndogo, na hakuna iliyopita kimo cha kiganja. Kulikuwa na nyumba ya muviringo yenye paa lililoshuka mpaka chini, kama kofia iliyomuzidi mutu. Kulikuwa na ghala la muhogo juu ya miguu yake ya miti, na ngazi yake, na kile kifuniko cha juu ambacho watu wa zamani walikiinua kwa kichwa wakati mikono imeshika kikapu. Kulikuwa na munara wa kengele wa kanisa ya matofali, pamoja na matao yake. Na katikati, peke yake, lilisimama lango la linga, yaani ule ukuta wa magogo ambao wazee walizungushia miji yao kule Mofwe wakati wa vita. Mwaba hakuwahi kuliona lango lenyewe. Bibi yake, ambaye yeye alimuita nkambo, alizaliwa nyuma yake, akamuelezea gogo baada ya gogo, na hasa lile gogo la juu, lililowekwa chini makusudi ili kila mutu anayeingia ainame, awe na mukuki au awe na muzigo wa samaki. Hilo lango Mwaba hakuliuza. Wengine walikwisha kuliomba.

Halafu kulikuwa na vile vingine, visivyofanana na kitu chochote. Kimoja kilijikunja kama jani lililokauka, na Mwaba alikiita Upepo wa Agosti. Kingine kilikuwa kama bonge lililobonyezwa mara moja kwa kidole gumba kisha likaachwa, na hicho alikiita Kilio Kimekwisha. Majirani waliziita nyumba zake nyumba za panya. Vile visivyo na sura waliviita magonjwa ya Bana Eness. Hata hivyo, tangu samaki wa mpumbu walipoacha kupanda muto kama zamani, ni nyumba za panya zilizoleta chumvi na sabuni. Eness alizipeleka kwenye bato ya mashine inayokusanya samaki, na bato ilizivusha ziwa mpaka Kilwa ya ng'ambo, upande wa Kongo, ambako Mugiriki mwenye butiku aliwauzia makarani wa Wabeleji wanaorudi kwao.

"Nilienda Kilwa kununua hii kikwembe," Beauty aliendelea, na sauti yake ikashuka. "Pale kwa Mugiriki, juu ya meza ya kuuzishia, kuko kitu yako. Ya muviringo. Iko na tumbo na milango mbili, na rangi zote tatu. Nyeupe, nyekundu na nyeusi."

Mikono ya Mwaba iliacha kukanda.

"Banaume banazima sigareti mule ndani. Banaume, Bana Eness. Nilitupa kikwembe juu yake, na ule bwana akacheka, akaniuliza kama kile kitu kinasikia baridi."

Hapo Mwaba alielewa yote kwa mara moja. Katika nyumba ya chisungu, mulango ukiwa umefungwa, musichana huonyeshwa vitu vilivyofinyangwa kwa udongo, na kila kitu kina wimbo wake na fundisho lake. Vinaitwa mbusa. Wanaume hawavioni. Havichomwi moto kamwe. Ngoma ikiisha, vinarudishwa mutoni, na maji yanavila. Kimoja kati ya hivyo ndicho kilichokuwa juu ya meza ya Kilwa, kimechomwa kikawa kigumu kama kombe, na kimejaa majivu. Kilimaanisha nini, aliyechezwa anajua, na hapa haitasemwa.

Beauty alimaliza ujumbe wake akitazama pembeni. Bana Mpundu, nachimbusa, alisema hatamuchezesha binti wa mutu anayeuzisha mambo ya wanawake. Na kule Kabuta dada yake, mama wa Patson, alisema hatapokea chitongo nyumbani kwake. Hilo ni neno la aibu kwa musichana ambaye hakuchezwa. Wanasema ni chungu kibichi, ukikitia maji kinakuyeyukia mikononi. Kama mvua itaanza kabla Eness hajachezwa, kuna nyumba nyingine ambayo walikwisha kuiangalia.

"Mi namupenda Eness," Beauty alisema akiondoka. "Ungeniuliza mi, ningemubeba leo kwa mugongo. Lakini haiko mi njo ninaoa."

Kuku ilijaribu kusimama na miguu yake iliyofungwa, ikaanguka juu ya ubao. Nyumba ya muviringo ikabingirika chini. Mwaba aliokota kuku kwanza.

*

Kasonde, mume wake, alipata habari kabla ya kufika nyumbani. Alipokuwa anavuta mutumbwi muchangani, wenzake walimuuliza kama leo atakula kuku, na kama atawaalika. Alifika na samaki wake watatu kwenye kamba, akaketi, akachukua wavu na sindano ya kushonea, akashona muda murefu.

Aliposema, alisema kwa upole, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Mwaba. Yeye ndiye anayepiga ngoma ya kanisa kila Jumapili, na pasta anamujua. Kwa nini wasiende kwa pasta peke yake? Pasta ataandika majina, ataombea pete, watoto watakwenda zao. Wamisionari wenyewe hawapendi chisungu. Na vile vitu vya udongo, pengine ingekuwa vizuri kuviacha, maana mutu hawezi kuchekwa ufukoni kila siku kwa ajili ya nyumba za panya.

"Na akizaa," Mwaba alimuuliza, "nani atamushika mugongo? Pasta?"

Kasonde alijua kama Mwaba kwamba mwanamuke ambaye hakuchezwa huzaa na mama yake peke yake, na mama akifa, huzaa na ukuta.

Eness alikuwa anasonga bukari, ugali wa muhogo, jikoni, na aliyasikia yote. Jioni hiyo kwenye maji wasichana wawili walisogeza vyungu vyao mbali na chungu chake, kisha wakacheka. Hakumuambia mama yake. Alileta bukari, akaleta maji ya kunawa, akamumiminia baba yake, akamumiminia mama yake, na alipokuwa bado anamimina alisema polepole, "Mama, acha kufinyanga." Kisha akaona haya, akarudi jikoni, ingawa hapakuwa na kazi tena huko.

Walikula. Kasonde alitoa mifupa ya samaki mmoja baada ya mwingine, akaipanga kando ya sahani kama kawaida yake. Mwishoni alinawa, akachukua tena wavu, akauliza ni kitu gani hasa kilichopelekwa Kilwa.

"Siwezi kukuambia ni kitu gani. Naweza kukuambia siku tu," Mwaba alisema. "Ile wiki ya upepo."

Kasonde alikumbuka. Upepo wa kusini ulimusukuma mpaka kisiwani, na alikaa huko akila mizizi na samaki wabichi, huku Nchelenge watu wakianza kumutaja kama mutu aliyekuwapo zamani. Mwaba alieleza kwamba siku hizo hakuweza kulala wala kupika. Aliketi hapo nyuma ya nyumba na bonge la udongo mapajani, macho yakiwa ziwani. Alichezwa akiwa na umri wa Eness, na kitu kile alikionyeshwa mara moja tu, kwa mwanga wa kijinga cha moto. Hakujua kwamba bado anacho. Kilipokwisha alikitazama, akaona ni kungoja, basi, kungoja kuliko na mulango wa kutokea na mulango wa kurudia. Akakipaka rangi kama kilivyotaka. Na bwana wake aliporudi, Mwaba kwa furaha akavichoma vyote pamoja bila kuvitazama tena, na Eness, ambaye hajui kitu, akavipeleka kwenye bato.

"Sikufikiri mambo ya chisungu," alisema. "Nilikuwa nakungoja wewe. Mikono njo ilikumbuka."

Sindano ya Kasonde ilisimama ndani ya wavu. Hakusema tena habari ya pasta.

*

Kwa Bana Mpundu, Mwaba hakupewa mukeka. Alikaa chini, kwenye vumbi, pale mahali pa kumwaga maji, na mujukuu mumoja wa nyumba ile alipita mara mbili na ufagio karibu na miguu yake. Bana Mpundu alikuwa anapepeta karanga. Alikuwa mwembamba, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini alijua nani amekaa mbele yake, na alimuacha akae.

Mwaba alieleza kama alivyomueleza mume wake, na zaidi, kwa sababu hapa angeweza kukitaja kitu kwa jina. Hakujitetea. Alisema alikosa, na kwamba mutoto hakukosa.

Ungo ulicheza mikononi mwa mama muzee, na karanga nyingine zilianguka chini. Mwaba alidhani ni hasira. Kisha akaona kwamba Bana Mpundu alipoweka ungo chini, mikono iliendelea kucheza yenyewe, na yeye aliikalia kwa haraka, kila mukono chini ya paja lake.

"Nilikucheza mi mwenyewe," Bana Mpundu alisema. "Kile kitu nilikifinyanga na hii mikono. Ulikuwa mutoto wa kulialia, nilifikiri hauone kitu kwa sababu ya machozi."

"Niliona, mama."

"Nimesikia umeona. Mpaka Kilwa banajua umeona."

Mujukuu mwenye ufagio alicheka. Mama muzee alimufukuza, kisha akatoa hukumu yake bila haraka. Kitu kirudi. Kisipite tena mbele ya macho ya mwanaume hata mumoja. Na kirudi kuwa kile kilichokuwa, udongo, kiende majini kama wenzake walivyokwenda. Siku hiyo atapokea kuku.

"Kimechomwa, mama," Mwaba alisema. "Maji hayatakila."

"Mi nilikichoma?"

*

Patson ndiye aliyeleta habari za bato. Alipita na baiskeli yake iliyofungwa magunia ya samaki wakavu wa kupeleka bara, akasimama nje ya uzio, maana muchumba haingii kwa wakwe zake, na akasema na Kasonde akitazama gurudumu la mbele. Bato itapita Kabuta kesho asubuhi. Mushika usukani ni rafiki yake, atawabeba bila neno. Kisha akaongeza, bado kwa gurudumu, kwamba mama yake anaweza kuangalia nyumba anayotaka, yeye mwenyewe hajaangalia kokote.

Walivuka wakiwa wamekaa juu ya makasha ya samaki, na mivuke ya barafu ikiwapanda miguuni. Mwaba alishika kifurushi kidogo mapajani. Kasonde hakuuliza kuna nini ndani. Aliona tu kwamba ubao nyuma ya nyumba ulikuwa na nafasi wazi katikati.

Butiku ya Mugiriki ilinuka mafuta ya taa na samaki wa chumvi. Watu walimuita Bwana Kosta. Alikuwa mufupi, mwenye nyusi nene, na alikaa ziwani miaka mingi mpaka Kiswahili chake kilikuwa cha pale pale Kilwa. Kitu kilikuwa juu ya meza ya kuuzishia, kati ya mizani na pipa la sabuni. Mwanaume mumoja aliyekuwa anapimiwa chumvi alinyosha mukono, akagonga sigareti yake ndani yake bila hata kutazama, kama mutu anavyotema mate.

Kasonde aliona mukono ule ukinyoshwa, na kabla hajaona ulifika wapi, aligeuka. Akaipa meza mugongo, akasimama uso kwa uso na magunia ya chumvi yaliyopangwa ukutani.

"Bon, mama ya nyumba ndogo ndogo," Bwana Kosta alisema kwa furaha, maana alimujua kwa kazi yake. "Umeniletea zingine?"

Mwaba alisema amekuja kuchukua kitu kimoja, akakionyesha kwa kidevu. Mugiriki alishangaa. Hicho alikwisha kukilipa. Tena kinamufaa, majivu hayamwagiki, na kila karani anayeingia anakiuliza. Kina kasoro gani?

"Hakina kasoro. Hakikupaswa kufika hapa."

"Kwa sababu gani?"

"Siwezi kusema."

"Sasa, mama. Kama mutu ananiuzishia kitu, kisha anakitaka tena, na sababu hasemi, mi nitafanya biashara gani?"

Wanaume waliokuwa dukani walianza kusikiliza. Mumoja aliuliza kwa sauti kama mama anataka kurudisha na majivu au bila majivu. Mwingine alimugeukia Kasonde, akamuuliza kama amepewa adhabu, kama mutoto wa shule, mbona ametazamishwa ukuta.

"Ninaangalia chumvi," Kasonde alisema.

"Chumvi inasema nini?"

"Haijamaliza."

Wakacheka sana. Shingo ya Kasonde ililowa jasho, lakini hakugeuka. Mutu aliyevuka ziwa lote juu ya makasha ya samaki alisimama pale, pua karibu na gunia, na wote wakimucheka, na hakugeuka. Mwaba alimutazama mugongo ule, wenye alama nyeupe ya jasho la chumvi kati ya mabega, na alijua kwamba hatausahau.

Bwana Kosta naye aliutazama. Hakuwa anacheka.

"Kwa nini bwana yako anaangalia ukuta?"

"Yeye ni mwanaume," Mwaba alisema. "Kile kitu hakimuhusu. Nyinyi hamukujua. Yeye anajua."

Mugiriki alijikuna nyusi. Akawaambia wale wengine watoke, duka linafungwa kidogo, nao wakatoka wakinung'unika. Kisha akasema, polepole, kama mutu anayetafuta kitu mufukoni, kwamba katika kanisa ya kijiji chao, kisiwani kwao, kuna ukuta wa mbao wenye picha, na mulango katikati, na nyuma ya mulango ule mwanamuke hapiti. Mama yake alifagia kanisa ile tangu usichana mpaka uzee. Kila siku alifika na ufagio mpaka pale mulangoni, akageuka.

"Hakuna mutu alikuwa anamuangalia," alisema. "Angeweza kupita. Hakupita."

Alichukua gazeti la zamani, akakifunika kitu, akakisukuma mpaka ukingo wa meza. Lakini mukono wake ulibaki juu ya gazeti, maana alikuwa mutu wa duka.

"Na mi, utaniachia nini?"

Mwaba alifungua kifurushi. Aliliweka lango la linga juu ya meza, magogo yake yamesimama bega kwa bega, kila moja limechongwa ncha, na lile gogo la juu limekaa chini mahali pake. Alilinyosha kidogo kwa kidole ili liangalie mulango wa duka. Bwana Kosta aliinama mpaka shavu lake likagusa meza, akafumba jicho moja, akachungulia ndani kwa jicho la pili. Alikaa hivyo muda.

"Nani alikuwa anaishi humu?"

"Nkambo yangu."

"Na usipokuwa nalo, utabaki na nini?"

"Nitabaki na maneno yake."

Aliondoa mukono juu ya gazeti. Mwaba alikichukua kitu pamoja na majivu yake, akakifunga ndani ya kikwembe, akakikaza tumboni kama mutu anayebeba mutoto kwa mbele. Hapo tu ndipo alipomuambia mume wake kwamba anaweza kugeuka.

"Chumvi imemaliza," Kasonde alisema.

*

Bana Mpundu alifunga mulango. Eness aliachwa nje, mbali, chini ya uzio, na kuku mapajani. Ndani walikuwa wanawake wawili tu, beseni la maji, na kitu. Mwaba alikuwa amekipangusa majivu yote kwa pembe ya kikwembe, hata ndani ya ile milango miwili, kwa kijiti.

Mama muzee alikitia majini kwa mikono yake inayocheza. Kitu kilikunywa maji, kikatoa povu dogo dogo, kisha kikatulia chini ya beseni. Walingoja. Jua lililoingia kwa upenyo wa mulango lilisogea kutoka kwenye mukeka mpaka ukutani. Bana Mpundu alipitisha vidole majini, akakipapasa.

"Kingali vile," alisema. Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Ilikuwa sauti ya mutu aliyetumaini kidogo, kinyume na akili yake.

Mwaba aliomba kinu.

Mama muzee alimugeuzia uso. Mwaba alisema, na alisema kwa haraka kwa kuogopa kukatazwa, kwamba chungu chake kikivunjika hatupi vigae. Kila mufinyanzi anajua: vigae vinatwangwa, vinachungwa, na unga wake unakandwa ndani ya udongo mubichi, la sivyo chungu kipya kinapasuka motoni. Kilichopita motoni hakiyeyuki, ni kweli. Lakini kinatwangika. Kinaingia ndani ya kingine.

Bana Mpundu alikuwa amefinyanga maisha yake yote, vyungu vya maji na vile vingine, na alikuwa ametwanga vigae tangu utoto. Hakuwahi kuviweka vitu hivi viwili katika wazo moja.

"Kiko pale nyuma ya mulango," alisema. "Na muchi."

Mwaba alikitoa majini, akakiweka ndani ya kinu. Kwa muda hakuinua muchi. Ilikuwa wiki ya upepo yote, pale chini, na milango yake miwili. Kisha akatwanga. Pigo la kwanza lilikipasua kwa sauti kama ya kikombe, na baada ya hapo ilikuwa kazi tu, kazi anayoijua, mpaka mabega yakapata mwendo wake. Alichunga, akatwanga mapande yaliyobaki, akachunga tena. Unga ulitoka mwekundu, wenye punje ngumu ndogo kama muchanga.

Bana Mpundu aliuchota, akausugua kati ya vidole karibu na sikio lake, kana kwamba anasikiliza. Aliunyunyiza juu ya bonge la udongo mubichi lililokuwa limefunikwa jani pembeni, wakaukanda pamoja. Mama muzee alijaribu kuanza kufinyanga. Udongo ulipanda kidogo, ukainama. Alianza tena. Mikono ilicheza, na ukuta mudogo ukaanguka.

"Tangu mvua ya mwaka jana," alisema bila kumutazama Mwaba. "Hakuna anayejua. Wasichana wa misheni hawataki kujifunza, na mi nimeogopa kusema. Nilipokurudishia kuku, Bana Eness, nilikuwa nimekasirika kweli. Lakini nilikuwa pia ninafikiri, kama ukikubali kukataliwa na kuondoka, hakuna atakayeniona na hii mikono."

Alilisukuma bonge la udongo mbele ya Mwaba.

"Mi nitaimba, wewe finyanga. Nikikosa wimbo, ngoja. Moto tu njo hapana."

"Moto hapana, mama."

"Na zile nyumba za panya, uzisha kwa unayemutaka. Ila kitu cha kuuzisha, weka rangi moja. Rangi tatu zikae humu."

Mwaba alilowesha vidole. Mama muzee alianza kuimba kwa sauti ndogo iliyokatika katika, na nje, uziani, Eness alisikia sauti bila kusikia maneno. Baadaye mulango ulifunguka kidogo tu, kiasi cha mukono kupita, na mukono wa Bana Mpundu ukatoka.

"Lete kuku," alisema.

*

Mvua ilichelewa mwaka ule, kana kwamba nayo ilikuwa na adabu. Eness alichezwa. Beauty alikuja kutoka Kabuta akicheza tangu njiani, na kikwembe chake chekundu alikitandika chini ili binti apite juu yake, kisha akalalamika siku mbili kwamba kimechafuka. Ngoma ilipoisha, wanawake walivibeba vitu vyote mpaka kijito, vimefunikwa, wakaviweka majini kimoja kimoja. Vililegea, vikatoa wingu, vikakwenda.

Eness aliingia majini kwa miguu mitupu, kama alivyoambiwa. Chini, pale vitu vilipokuwa, alisikia kwa nyayo punje ngumu, ndogo, ambazo maji hayakuzila. Alimutazama mama yake. Mwaba alitikisa kichwa kidogo tu: usiokote. Eness akazikanyaga polepole, akavuka.

Nyumbani Kasonde alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, mahali pa mke wake. Mikono yake ilikuwa ya kijivu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amechimba udongo na kuukanda, vibaya, na mawe mawili yalikuwa bado ndani, na aliufunika kwa jani lililoloweshwa kama alivyoona Mwaba akifanya. Mbele ya watu ufukoni asingefanya hivyo. Aliuliza kama ilikwenda vizuri.

"Ilikwenda," Mwaba alisema, na Kasonde hakuuliza zaidi.

Mwaba alitoa yale mawe mawili, akayatupa. Kasonde alitazama ile nafasi wazi katikati ya ubao, kisha akauliza lile gogo la juu, kwenye lango, nkambo alisema lilikuwa chini namna gani.

"Chini," Mwaba alisema akimega udongo. "Kimo cha magoti mawili ya mwanaume, ili kila mutu ainame. Lete miguu yako hapa, nipime goti."

Akaleta.